Gunia Halina Vipini

Muulize Mtanzania yeyote gunia la mahindi lina uzito gani, atakujibu kilo 100 kabla hujamaliza swali. Vuka Namanga, uliza swali hilohilo upande wa pili, utajibiwa kilo 90. Hakuna anayesita, hata wale ambao hawajawahi kugusa gunia maishani mwao.

Tisini ni namba ngeni kidogo katika nchi inayopima kwa kilo. Ukifuatilia ilikotoka unakutana na pauni: kilo 90 na kitu ni pauni 200, na gunia la pauni 200 ndilo lililokuwa kipimo cha biashara ya mahindi nchini Kenya enzi za ukoloni. Waingereza wakaondoka, pauni zikawafuata, gunia likabaki. Sisi tuna 100, namba inayopendwa na kila anayepiga hesabu kichwani: ukijua bei ya kilo, unaongeza sifuri mbili. Nauli ya lori huulizwa kwa gunia. Ushuru sokoni huulizwa kwa gunia. Ujira wa kulishusha nao ni kwa gunia. Katika yote niliyosoma kuhusu namba hizi mbili, sijakutana na mtu aliyesimama akauliza bega la binadamu linastahimili kiasi gani.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu ubunifu wa sehemu za kazi kwa wafanyakazi wa viwandani na maghalani. Taaluma yenyewe inaitwa egonomia, elimu ya kuitengeneza kazi ilingane na mwili wa mtu badala ya kumkunja mtu alingane na kazi. Vitabu vyake vimejaa meza na viti. Kazi ya vitu vidogo, meza iwe juu kidogo ya kiwiko. Kazi nyepesi, iwe chini kidogo. Kazi nzito, ishuke zaidi ili mikono ipate nguvu. Yote ni kweli na yote yana faida. Lakini nilipokwenda kupima kwenye ghala moja la mazao hapa Dar es Salaam, nilikuta meza moja tu, nayo ilikuwa ya karani. Waliobaki hawakuwa na meza wala kiti. Sehemu yao ya kazi ilikuwa gunia lenyewe: ndilo lililoamua wainame kiasi gani, washike wapi, watembee vipi na wapumzike lini. Kama kuna kitu cha kubuniwa upya pale, ni gunia. Na gunia lilishabuniwa zamani, na watu wengine, kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa hiyo niliziweka meza kando kwa muda, nikaingia maktaba kutafuta historia ya mzigo.

Vitabu vya taaluma huanzia Italia. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu cha magonjwa ya wafanyakazi, na humo wachukuzi wa mizigo wana sura yao. Mwaka 1857 Mpolandi Wojciech Jastrzębowski akaliunda neno lenyewe kutoka Kigiriki, ergon yaani kazi, na nomos yaani sheria. Neno likalala karibu karne nzima. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza, K. F. H. Murrell akiwa kati yao, wakaliamsha, baada ya vita iliyokuwa imefundisha kwamba hata rubani hodari huvuta kishikio kisicho chake vishikio viwili vikifanana. Hizi ni tarehe za mtihani. Nazitaja nizipite.

Mtu ninayetaka tukae naye ni Frederick Winslow Taylor, kwa sababu alianzia hapahapa ninapohangaika mimi: kwenye mzigo na mgongo. Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Pennsylvania, kulikuwa na mlima wa vipande vya chuma ghafi vya kupakiwa kwenye mabehewa ya treni. Kipande kimoja kilikuwa na pauni 92, karibu kilo 42. Mtu anainama, anainua, anapanda ubao ulioegemezwa kwenye behewa, anatupa, anarudi. Kwa mujibu wa Taylor, kila mmoja alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku. Yeye akasema mtu anayefaa, akisimamiwa kisayansi, anaweza tani 47 na nusu. Akamchagua mmoja, akambandika jina Schmidt kitabuni (jina lake halisi lilikuwa Henry Noll), na ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Tani zile ni vipande zaidi ya 1,150. Kwa siku ya saa 10, ni kipande kimoja kila nusu dakika.

Mzigo umekaribia kuongezeka mara nne, ujira haujafika hata mara mbili. Na katika maelezo yake Taylor alimfananisha mtu wa kazi hiyo na ng'ombe. Mwaka 1974 wanahistoria Wrege na Perroni walipekua kumbukumbu za kiwanda wakaonyesha kwamba kisa cha Schmidt kilikuwa kimetiwa chumvi nyingi.

Hata hivyo, ndani ya hadithi hiyo mbaya kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyapuuza. La kwanza ni kupumzika. Taylor alihitimisha kwamba mtu anayebeba pauni 92 anaweza kuwa na mzigo mikononi kwa asilimia 43 tu ya siku. Asilimia 57 lazima awe mikono mitupu. La pili ni koleo. Aliona wafanyakazi wakija na makoleo yao ya nyumbani, na koleo lilelile likichota pauni 38 za mawe ya chuma au pauni tatu na nusu tu za makaa laini. Akajaribu na kujaribu mpaka akasema uzito unaotoa kazi nyingi kwa siku ni pauni 21, kama kilo tisa na nusu, kisha kiwanda kikajenga stoo ya makoleo ya saizi mbalimbali: dogo kwa mawe mazito, pana kwa majivu. Yaani mwaka ule, mahali fulani duniani, mtu alitazama mzigo na kusema chombo ndicho kibadilike. Alisema hivyo kwa ajili ya tani. Lakini alisema.

Ford naye ni hivyohivyo. Mapema mwaka 1914 kiwanda chake cha magari kiliinua mstari wa kuunganishia ili watu wasiiname, na hata kikatengeneza mistari miwili, mmoja wa inchi 26 na robo tatu na mwingine wa inchi 24 na nusu kutoka sakafuni, kwa vikundi vya watu warefu na wafupi. Ukisoma tu sentensi hiyo unadhani umekutana na mtu mwenye huruma. Kisha unaendelea kusoma unakuta alichojivunia: fremu ya gari iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 sasa inakamilika kwa saa 1 na dakika 33.

Mgongo uliwahi kuhesabiwa kwa ajili yake wenyewe? Mfano wa karibu zaidi nilioupata ni kiwanda cha Volvo huko Kalmar, Sweden, kilichofunguliwa mwaka 1974. Magari yalibebwa juu ya vitoroli vilivyoweza kulilaza gari ubavu, ili fundi afanye kazi ya chini ya gari akiwa amesimama wima badala ya kuinua mikono juu ya kichwa kutwa nzima. Ni ubunifu mzuri mno. Lakini ulitoka wapi? Sweden ya wakati ule vijana walikuwa na elimu na kazi nyingine za kuchagua, nao walikuwa wakikikwepa kiwanda: wanaugua, wanachelewa, wanaacha kazi. Gari lililazwa ubavu kwa sababu mtu aliweza kuondoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 hali ya ajira Sweden ikawa mbaya, na mwaka 1994 Kalmar ikafungwa.

Baada ya hapo nilianza kusoma historia ya huku kwetu kwa jicho jingine, nikitafuta swali hilo tu: mbebaji aliweza kukataa au hakuweza?

Kabla Taylor hajashika saa yake, barabara ya kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa na wataalamu wa mizigo. Kipimo kilikuwa frasila, ambayo ni kama pauni 35 au kilo 16. Mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alibeba pauni 60 hadi 70, yaani takriban frasila mbili, pamoja na sufuria yake na mkeka wake. Pembe kubwa ya ndovu ilizidi hapo na ilikuwa na watu wake. Aliyebeba kichwani alikuwa na ngata, ile duara ya nguo au majani inayosambaza uzito na kuzuia mzigo usiyumbe; aliyebeba begani aligawa mzigo mbele na nyuma kwa mzegazega. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika vitabu vya egonomia, ngata ingekuwa ukurasa wa kwanza. Haina hatimiliki, haina mvumbuzi anayejulikana, na mpaka leo inasokotwa kwa sekunde kumi na kila mama anayetoka kisimani.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, anawaeleza wapagazi hawa kama wafanyakazi wa ujira wenye taaluma, heshima na kanuni zao. Walibishania posho na uzito. Waligoma. Mambo yakiwazidi walitua mzigo porini wakatoroka usiku, na tajiri akaamka na mali nyingi isiyo na miguu. Safari ilikuwa ndefu na wenye nguvu walihitajika wengi, basi kauli ya mbebaji ilikuwa na uzito wake pia.

Simaanishi kwamba karne ya 19 ilikuwa nzuri. Njia zilezile zilipitisha watumwa, na wapagazi wengi walikufa kwa ndui na njaa. Ninachosema ni kwamba yule aliyekuwa huru kuondoka alipewa kilo 32, na kilo hizo zilikuwa matokeo ya mabishano.

Vita Kuu ya Kwanza ikaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Waingereza na Wajerumani walihitaji kusafirisha chakula na risasi mahali pasipo na barabara, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Safari hii watu walikamatwa vijijini. Walikufa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916 kambi yake ilikuwa pale tunapopaita Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu hushuka daladala wakitamka jina la kikosi cha wabeba mizigo bila kujua, huku makuli wakiwapigia kelele wapishe njia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa makuli hao, katika maghala ya mazao, miaka ya 1960. Nilimkuta akiwa mzee wa kukaa barazani. Alikuwa na kinundu begani, juu kidogo ya mfupa, kigumu kama kisigino, na sisi wajukuu tulikuwa tukikigusa kwa zamu kama mchezo. Tulikiita "gunia la babu". Yeye alikuwa akicheka. Bibi hakucheka, na ni yeye aliyeniambia baadaye kwamba kuanzia miaka ya hamsini ya umri wake babu hakuweza kulala chali. Hilo ndilo ninalolijua. Hakuna faili, hakuna fomu ya fidia, hakuna daktari aliyeandika kitu.

Kizazi kilichomtangulia kilijaribu kukataa kwa pamoja. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa 1947 ulisambaa kufuata reli hadi ukawa mgomo wa nchi. Mwaka huohuo Mombasa nayo ilisimama, na mwaka 1948 Zanzibar ikafuata, moto ukiwa umeanzia tena kwa wafanyakazi wa bandarini. John Iliffe ndiye aliyeiandika vizuri habari ya makuli wa Dar, na ukimsoma unaelewa kwa nini bandari: watu wachache, mahali pamoja, na kila kitu kinachoingia nchini kinapita mabegani mwao. Walidai ujira na uhakika wa kazi, maana wengi walikuwa vibarua wa siku. Ujira waliongezewa.

Kisha mzigo ukahama wenyewe, kwa sababu ambayo haikuwahusu wao kabisa. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal-X kutoka Newark hadi Houston. Kilichofuata kila msomaji anakijua: bandari za dunia zikabadilika, winchi na kreni zikachukua nafasi ya mabega. Kuna watu huisimulia habari hii kama ushindi wa mashine dhidi ya maumivu. Nenda nyuma ya kreni kilomita tatu tu, utakuta kontena hilohilo limefunguliwa milango, na ndani yake watu wanapanga magunia kwa mikono, kwenye joto la bati, migongo imeinama kwa sababu safu ya juu imekaribia dari. Kontena liliondoa gunia melini. Ghalani na sokoni halikuliondoa.

Sayansi ilikuja kututazama pia. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya, ukiongozwa na G. M. O. Maloiy. Walipima pumzi za wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba ya kipajini, wakagundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Wazungu wanaobeba mabegi ya mgongoni hawafanyi hivyo. Kwa miaka mingi watu wameendelea kubishana kuhusu matokeo hayo na jinsi mwili unavyoweza. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilijisikia fahari, kisha nikahesabu: asilimia 20 ya mtu wa kilo 65 ni kilo 13. Ni ndoo isiyojaa. Juu ya hapo nguvu inalipwa kama kawaida, na utafiti ulipima pumzi. Haukupima pingili za uti wa mgongo.

Sasa niwaletee kanuni inayotawala somo langu. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilirekebisha kanuni yake ya kuinua mizigo. Inaanza na kilo 23. Hizo unaruhusiwa pale tu kila kitu kikiwa kizuri: mzigo uko karibu na mwili, mikono haiko chini wala juu, kuna vipini, huinui mara kwa mara. Kila ubaya unaojitokeza unakata sehemu yake.

Nilichukua gunia la pale ghalani. Gunia ni nene, kwa hiyo mikono iko mbele ya mwili kwa sentimita 45: kilo 23 zinashuka hadi karibu 13. Linaanzia chini, mikono ikiwa sentimita 20 kutoka sakafuni: zinabaki kilo 10 na zaidi kidogo. Linapandishwa hadi begani kwa mwenzao, safari ya sentimita 120: kilo 9. Gunia halina vipini, unalishika kwa kuling'ang'ania kwenye pembe: kilo 8. Linainuliwa moja kila dakika, kutwa: kilo 6.

Kilo sita. Wao wanainua wawili wawili, gunia la kilo 100, basi tuseme kila mmoja hamsini. Hamsini kwa sita ni karibu mara nane. Kanuni huanza kuonya ukizidi mara moja, na ukizidi mara tatu inahesabu kwamba wafanyakazi wengi wako hatarini.

Nilitaka kuiweka hesabu hiyo kwenye tasnifu, kisha nikasoma masharti yaliyoandikwa mwishoni. Kanuni haihusu watu wawili wanaoinua pamoja. Haihusu anayeinua huku anatembea na mzigo. Inachukulia kwamba sakafu haitelezi. Pale ghalani mahindi yamemwagika na watu wamevaa kandambili. Inachukulia pia kwamba joto ni kati ya nyuzi 19 na 26 na unyevu wa hewa ni asilimia 35 hadi 50. Nani anaijua siku kama hiyo Dar es Salaam mwezi Februari? Na yule mtu wa tatu, anayelipokea gunia begani na kupanda nalo ubao wa lori, hayumo kabisa katika kanuni. Ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote, na hana mahali pa kuandikwa.

Sheria za dunia zilimtaja, kwa sauti ya chini. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu, unaosema mtu asibebeshwe mzigo unaoweza kumdhuru, bila kutaja namba. Namba iliwekwa kwenye pendekezo lililoambatana nao: pale ambapo mwanamume anabebeshwa zaidi ya kilo 55, zichukuliwe hatua haraka kushusha hadi hapo.

Hapa nyumbani tunayo namba nyingine, na tunaipigia kelele kila msimu. Wakala wa Vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, anakataza lumbesa, lile gunia lililojazwa mpaka mdomoni kisha likashonewa kilemba cha wavu au majani juu yake. Mazao yafungashwe yasizidi kilo 100. Fuatilia mijadala ya lumbesa kwenye magazeti na bungeni, utaona jambo moja. Anayetetewa ni mkulima, anayepunjwa kwa kuuza kilo 130 kwa bei ya 100. Ni haki yake na nina ndugu Njombe wanaolia kila mwaka kwa jambo hilo. Lakini ofisa anaposimama mbele ya kamera na kusema gunia halali ni kilo 100, amekwishaidhinisha mzigo unaokaribia mara mbili ya ule wa pendekezo la 1967, na hakuna mwandishi anayemuuliza nani atalibeba. Kwa kuli, lumbesa na gunia halali vinatofautiana kidogo tu.

Kenya walisogea hatua moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaka gunia la viazi liwe kilo 50. Huko nako sababu kuu ilikuwa mkulima na gunia la kilemba, linaloitwa mukorino, lakini angalau namba iliyochaguliwa iko chini ya 55.

Niliipeleka habari hiyo ghalani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. Mzee mmoja, aliyefanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa, alikuwa amekaa juu ya rundo akisubiri lori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Umekuja kutupima tena?"

Nikamweleza habari za kilo 50. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na hela ya gunia wataikata nusu?"

Nikanyamaza. Akaendelea mwenyewe, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Wakiikata nusu, mimi napanda ubao mara mbili kwa hela ileile. Na kila nikipanda, najibeba na mimi mwenyewe."

Jioni niliandika alichokisema kwa namba. Tani moja kwa magunia ya kilo 100 ni safari 10. Mtu wa kilo 65 akijihesabu na mwili wake, amepandisha kilo 1,650 kwenye lori. Tani hiyohiyo kwa magunia ya kilo 50 ni safari 20, na jumla ni kilo 2,300. Uti wa mgongo umepona kidogo kila safari, miguu na moyo vimelipa zaidi, na mfuko uko palepale. Hesabu ya kilo 50 inamfaa tu akilipwa kwa gunia kama zamani, au akipewa toroli na ubao wenye mwinuko mdogo, au muda wa kushusha lori ukiongezwa apate kukaa mikono mitupu. Kila moja kati ya hayo ni gharama ya mtu mwingine, na anayelipwa kwa siku hana nguvu ya kuidai peke yake.

Nilimuuliza, basi yeye angetaka nini kibadilishwe kwanza. Hakufikiri sana.

"Meza."

Alimaanisha jukwaa la mbao, imara, la kimo cha chini kidogo ya bega lake. Wale wawili waliweke gunia hapo wakiwa wamepumua, yeye asimame kando, aegemee, alivute limlalie begani bila kuchutama wala kupokea mshindo wa kutupiwa. Na jingine kama hilo kule kwenye rundo, atue bila kuinama. Alisema waliwahi kutengeneza moja kwa mbao za makreti, likadumu siku nne, kisha likachukuliwa kuwashia moto wa chai.

Nikatoa futi kamba. Alivua shati akasimama wima ukutani, kandambili ameziweka pembeni. Bega la kushoto, sentimita 141 kutoka sakafuni. La kulia, analobebea, 137. Mwenzake aliyefuata alikuwa mfupi zaidi kwa kiganja kizima, kwa hiyo jukwaa nililolichora lina miguu yenye matundu na pini za chuma, lipande na kushuka, na juu yake nimepigilia bati laini ili gunia liteleze.